Kabla Umpe Mtoto Simu, Toa Ludo

Wasee, kuna sentensi moja ambayo karibu kila mtoto wa mtaa amekua akiisikia: "Wacha mchezo, shika kitabu." Mama anaisema akiwa jikoni, baba anaisema akiwa mlangoni hata kabla avue viatu, na jirani ambaye hata hakulipii fees naye anaongezea yake. Ni kama mchezo na kitabu ni watu wawili walikosana na lazima uchague upande.

Leo nataka nibishane na hiyo sentensi, na nitatumia historia. Angalia ile michezo iko chini ya kitanda chenu: ludo iliyopasuka katikati, pakiti ya karata zimebaki 49, drafti ya vifuniko vya soda. Ukifuatilia zimetoka wapi, utakuta nyingi zilitengenezwa au zikatunzwa na watu wazima waliotaka kufundisha kitu. Wengine walitaka kufundisha dini, wengine siasa, wengine hesabu. Swali langu ni kama hilo somo lilifika, na kama lilifika, lilifika vipi.

Niseme mapema kwamba mimi si mwalimu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na kazi yangu saa hii ni hii ya kuandika na kurekodi video. Lakini nimesoma juu ya hii kitu kwa muda, na jibu nimelipata ni rahisi kiasi: mchezo unafundisha kwa sababu upande wa pili kuna mtu. Hebu nikuonyeshe.

Tuanze hapa nyumbani

Ukienda Nakuru, karibu tu na mji, kuna mahali panaitwa Hyrax Hill. Louis Leakey alipaona mwaka wa 1926, na Mary Leakey akaanza kuchimba huko mwaka wa 1937. Watu huenda kuona makaburi na mabaki ya makao ya kale. Lakini kuna kitu kingine pale ambacho wengi hupita tu: mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Fikiria hiyo kazi. Mtu alichukua jiwe gumu akachonga shimo moja baada ya lingine, safu kwa safu, ili watu wacheze. Hiyo si kazi ya mtu anayepoteza wakati tu.

Na bao halikuwa la kabila moja. Waluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui, Waganda wana omweso. Pwani na Zanzibar kuna bao la Kiswahili, na hilo ndilo gumu kuliko yote niliyojaribu. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana kete zake 32. Unapoanza, unaweka kete 10 tu ubaoni na 22 zinabaki mkononi. Hatua ya kwanza inaitwa kunamua, unaingiza zile za mkononi moja moja. Zikiisha unaingia hatua ya mtaji. Halafu kuna shimo moja linaitwa nyumba, na hilo lina sheria zake peke yake.

Sasa fikiria unachofanya kichwani. Ukichota kete saba, lazima ujue ya mwisho itaangukia wapi. Ikiangukia shimo lenye kete, safari inaendelea. Ukikula, unasambaza tena za mwenzako upande wako, na kila shimo limebadilika hesabu. Mtafiti mmoja Mholanzi, Alex de Voogt, aliandika tasnifu yake ya uzamifu kuhusu mabingwa wa bao, mwaka wa 1995, baada ya kukaa nao Zanzibar. Alikuwa anataka kujua akili ya binadamu inaweza kufuatilia mzunguko mrefu kiasi gani bila kugusa kete hata moja. Jibu fupi: mbali sana kuliko mimi na wewe.

Lakini kitu kilichonigusa ni vile bao linavyofundishwa. Hakuna kitabu cha shule, hakuna somo la saa nne. Mtoto anasimama nyuma ya wazee barazani, anatazama, ananyamaza. Anasikia wakitaniana. Anasikia mzee akimuuliza mwenzake, "Umeona ulichofanya?" Siku moja mchezaji mmoja hayuko, anaambiwa, "Njoo, kaa hapa." Anapigwa vibaya. Kesho yake anarudi. Hesabu, subira na adabu ya kukaa na wakubwa vyote viliingia kwa mlango mmoja.

Karata zilizokuja na meli

Wazazi wengi hawapendi karata ndani ya nyumba, na ninaelewa. Kila mtu aliyewahi kutembea katikati ya mji anajua wale jamaa wa karata tatu wanavyokunyang'anya nauli. Kwa hivyo karata zimebandikwa jina la kamari na limeganda hapo.

Sasa sikiliza majina ya karata kwa Kiswahili sanifu, yale ambayo wengi wetu hatuyatumii tena: shupaza, kopa, uru, pau. Na ile inayoshinda zote, turufu. Haya maneno yametoka kwa Wareno. Kwao espadas ni panga, copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, paus ni fimbo, na trunfo ndiyo turufu. Hata neno lenyewe karata ni lao. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka wa 1498, Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593, na Waomani wakaichukua kutoka kwao mwaka wa 1698. Mizinga yao ilinyamaza. Lakini walisahau maneno yao mezani kwetu. Na ndiyo, meza pia ni yao.

Nikisoma hayo huwa najiuliza: maneno yanahamaje kutoka lugha moja hadi nyingine? Hayahami kwa amri. Ili mtu ajue kwamba hii inaitwa kopa na hii inaitwa turufu, lazima aliketi na mtu aliyekuwa anayataja, wakacheza, wakabishana, akayataja na yeye. Kadi ikawa mwalimu wa lugha, bila darasa na bila mtihani.

Ludo ni ya nani?

Ludo tunaichukulia kama yetu kabisa. Iko kwenye meza za kioo pale kwa kinyozi, iko stejini, iko kwa nyumba. Lakini ludo ni mjukuu wa mchezo wa India unaoitwa pachisi. Jina limetokana na neno la Kihindi linalomaanisha 25, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa alama kubwa zaidi ya kurusha. Na hawakurusha dadu, walirusha kauri, yale makombe madogo ya baharini. Unayarusha, unahesabu mangapi yameangukia mgongo na mangapi yameonyesha mdomo.

Waingereza wakaichukua, wakaipunguza sheria, wakaweka dadu moja, wakaipa jina la Kilatini linalomaanisha "nacheza", na ikasajiliwa Uingereza mwaka wa 1896. Mwaka huo huo ndio reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Sisemi moja lilileta lingine. Nasema tu dunia iliyoleta reli na dunia iliyoleta ludo ni moja.

Nyoka na ngazi nayo imetoka India, na hii ndiyo hadithi ninayoipenda zaidi. Zamani iliitwa gyan chaupar, mchezo wa maarifa. Kila mraba ulikuwa na jina. Ngazi zilikuwa tabia njema kama imani na ukarimu. Nyoka walikuwa tabia mbaya kama kiburi, uongo, hasira. Juu kabisa ndipo roho inapopata uhuru. Kwa hivyo mtoto akiangukia nyoka, hakuwa anarudi nyuma tu, alikuwa anasikia mtu mzima akimsomea: hapa ni kiburi, ona kimekupeleka wapi.

Mchezo ukafika Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Mwanzoni walibakiza mafunzo ya tabia, wakaweka yao ya bidii na kuweka akiba. Polepole majina yakafutika. Ule ulio kwenu una nyoka, ngazi na namba 1 hadi 100, basi. Somo la dini liliondoka, na hakuna aliyelifukuza. Siku watu wazima walipoacha kuyasoma yale majina kwa sauti, lilikuwa limeisha.

Sasa tuongee kuhusu zile namba

Namba zilizobaki si za bure. Mwaka wa 2008 watafiti wawili Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, walichapisha jaribio ambalo kila mzazi anayelia na hesabu za mtoto anafaa kulijua. Walichukua watoto 124 wa chekechea kutoka familia za kipato cha chini. Wakawagawanya. Kundi moja lilicheza ubao wa mstari wenye namba 1 hadi 10. Lingine lilicheza ubao unaofanana kabisa, isipokuwa mahali pa namba kulikuwa na rangi tu. Walicheza mara nne, dakika 15 hadi 20 kila mara, ndani ya wiki mbili.

Waliocheza na namba wakapanda. Walijua kuhesabu vizuri zaidi, kutambua namba, kusema ipi ni kubwa kati ya mbili, na kukadiria namba fulani inakaa wapi kwenye mstari. Wiki tisa baadaye bado walikuwa nayo. Waliocheza na rangi hawakupata hiyo faida. Ubao ni uleule, muda ni uleule.

Lakini shika hii. Mtoto hakuachwa na ubao pekee yake. Alicheza na mtu mzima, na kila akisogea alitakiwa kutaja namba za miraba anayopita. Akiwa kwa 4 na apate 2, anasema "tano, sita". Mwaka wa 2014 Siegler na mwenzake Elida Laski walirudi na ubao mrefu zaidi, hadi 100, na wakaona hiyo ndiyo siri yenyewe. Watoto waliotaja namba za mraba walijifunza zaidi kuliko waliohesabu kila mara kuanzia "moja, mbili". Tofauti ya maneno mawili matatu mdomoni.

Nimeliona hili kwa mtoto wa dada yangu. Ana miaka sita na ni mwizi wa kimataifa wa nyoka na ngazi. Dadu inasema tano, yeye anaruka miraba saba ili akanyage ngazi. Kwa hivyo nyumbani tukaweka sheria: kila hatua unaitaja kwa sauti. Sasa ili aibe lazima apange hesabu yake vizuri kutuliko, na ili tumshike lazima tuhesabu naye. Ameanza kutushika sisi.

Usiuziwe miujiza

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu kuna watu watakuuzia mchezo wowote wakikuambia utamfanya mtoto awe daktari. Mfano ni chesi. Sote tulifurahia hadithi ya Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, msichana aliyefundishwa chesi na Robert Katende hadi akacheza Olimpiadi, na mwaka wa 2016 filamu ikatoka, Lupita Nyong'o wetu akicheza kama mama yake. Ni hadithi ya kweli na ni nzito.

Lakini mwaka huohuo wa 2016, Uingereza, yalitoka matokeo ya jaribio kubwa katika shule 100 za msingi. Watoto wa miaka tisa na kumi walifundishwa chesi darasani, masaa 30 hivi. Mwaka mmoja baadaye alama zao za hesabu zilikuwa sawa na za wenzao ambao hawakufundishwa. Hakuna tofauti.

Kwa hivyo ukinunua seti ya chesi ukitarajia itapandisha alama za hesabu zenyewe, umenunua mbao. Mchezo unafundisha kile unachofanya ndani yake. Ubao wa namba unafundisha namba ukizitaja. Chesi inakufundisha chesi. Sasa Katwe kulikuwa na nini? Ukisoma vizuri hiyo hadithi, utamkuta Katende. Mtu mzima anayekuja siku baada ya siku, anayepika uji, anayejua majina ya watoto, anayeketi chini nao.

Mama aliyechora mwenye nyumba

Mfano wangu mwingine unatoka Marekani na unaumiza. Mwaka wa 1904 mwanamke anaitwa Lizzie Magie alipata hataza ya mchezo aliouita mchezo wa mwenye nyumba. Alikuwa mfuasi wa mawazo ya Henry George, aliyeamini kwamba ardhi inawatajirisha wachache huku wengine wakilipa kodi hadi kufa. Magie akachora hilo ubaoni ili watoto walione mapema. Unazunguka, unalipa, unazunguka, unalipa, mwishoni mmoja amebaki na kila kitu. Baadaye akaweka sheria za aina mbili: kwa moja, mali ikiongezeka wote wanafaidika. Kwa nyingine, mmoja anawameza wote. Alitaka mcheze zote mbili kisha muulizane: ipi ni haki?

Watu waliunakili kwa mkono, ukasambaa, na mwaka wa 1935 kampuni ya Parker Brothers ikautoa kama Monopoly. Jina la mvumbuzi likawa Charles Darrow, aliyetajirika. Magie alilipwa dola 500 kwa hataza yake. Ilichukua hadi miaka ya 1970, profesa mmoja Ralph Anspach akiwa kwa kesi na kampuni hiyo, ndipo jina la Magie likaanza kutoka gizani.

Lakini angalia somo lilienda wapi. Sheria iliyobaki ni ile ya kumeza wenzako. Mchezo uliotengenezwa kukuonya kuhusu landilodi sasa unakufundisha kushangilia ukiwa landilodi. Wewe unayetetemeka ikifika tarehe tano, unacheka ukimfilisisha mdogo wako. Bado unaweza kulirudisha somo la Magie, na haihitaji pesa. Mkimaliza, uliza swali moja: "Nani alianza kuwa mbele, na alifika huko kwa akili au kwa dadu?" Jaribu hiyo na kijana wa miaka 13 uone vile ataanza kuongea.

Niko kadi

Sasa turudi kwa kadi yetu, ile ya "niko kadi". Unajua sheria: mbili unaokota mbili, tatu unaokota tatu, nane na malkia ni swali, jeki inaruka, kingi inarudisha. Au si hivyo kwenu? Hapo ndipo kelele zinaanzia, na ninadai kwamba hizo kelele ndizo faida yenyewe.

Mwaka wa 1971, katika mji wa Reading, jimbo la Ohio, kulikuwa na kinyozi anaitwa Merle Robbins. Alikosana na mwanawe kuhusu sheria za mchezo wa karata wa familia hii ya kadi yetu, unaoitwa Crazy Eights. Badala ya kukasirikiana, familia ilikaa chini ikatengeneza karata zake zenye sheria zilizoandikwa. Wakachanga dola 8,000, wakachapisha seti 5,000, na kinyozi akaanza kuziuza hapohapo kwa kinyozi chake. Hiyo ndiyo UNO. Mchezo unaouzwa dunia nzima ulianza na baba na mwana wakibishana mezani.

Mtoto anayesema "hiyo sheria si haki, jana tulicheza tofauti" anafanya kitu kikubwa. Anakumbuka mkataba, anaomba utekelezwe, na anakubali kwamba na yeye utamfunga. Kuna nyumba nyingi ambapo mtoto haruhusiwi kumwambia mtu mzima "umekosea" kuhusu kitu chochote. Kwenye karata anaruhusiwa. Na mtu mzima anaruhusiwa kuokota tano za joka na anyamaze.

Nilipoacha chuo, mzee hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Kwa karibu wiki mbili tulikuwa tunasalimiana tu. Yeye ni soldia wa usiku, anafika asubuhi, analala, anaamka, anatoka. Jumapili moja stima ikapotea na hakuwa na kazi usiku huo. Akavuta ile drafti kutoka chini ya kitanda, akapanga vifuniko, vyake vimelala, vyangu vimefunuliwa, akasema, "Cheza." Mechi ya kwanza alinimaliza bila neno. Ya pili, akiwa ameinama anaangalia ubao, akaniuliza, "Sasa umepanga nini?" Nikamjibu nikiwa nimeinama pia. Nilimweleza kila kitu, pesa zilivyokuwa, vile nilikuwa nimechoka, kile ninataka kufanya na hii kamera. Kati ya sentensi moja na nyingine kulikuwa na kifuniko cha kusogeza. Kama tungekaa tukitazamana uso kwa uso, nisingeweza, na nadhani yeye pia. Hakusema amekubali. Alisema, "Lazima ule hapo," na kweli nilikuwa sijaona.

Ndiyo maana huwa sikubali mtu akiniambia michezo hii ni ya watoto. Katika nyumba ya chumba kimoja na nusu ambapo kila mtu anarudi amechoka, hakuna mahali pengine pa kuweka macho ukiwa na jambo gumu la kusema.

Dadu haikudai

Mwisho, tuongee kuhusu kitu kinachotumaliza. Mwaka wa 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu swali la wachezaji kamari: mchezo ukikatizwa katikati, pesa zigawanywe vipi? Kwa kutafuta jibu wakaweka msingi wa hesabu ya uwezekano, ile inayotumiwa leo na bima, benki, na ndiyo, kampuni za kubeti. Wao wanaijua hiyo hesabu. Sisi wengi tunaijua kidogo sana, na pengo hilo ndilo linakula mishahara ya mabeshte zetu.

Lakini mtoto wa ludo ameionja. Amekaa akingoja sita ili kete yake itoke nyumbani. Amerusha mara kumi, sita haijaja. Hesabu inasema hilo litatokea kama mara 16 kati ya kila 100. Si mkosi, ni kawaida. Na akirusha mara ya kumi na moja, bahati yake ya kupata sita bado ni moja kwa sita, ileile ya mara ya kwanza. Dadu haikumbuki. Haikudai na wewe huidai. Mtu aliyeelewa hilo akiwa na miaka minane, akilia kidogo huku dada yake anamcheka, ana kinga fulani siku ile atakapokutana na ile ndege ya kwa simu inayopaa usiku wa manane na kumwambia "sasa ni zamu yako".

Na tofauti nyingine ndiyo ileile nimekuwa nikiisema tangu juu. Kwa ludo, mbele yako kuna mtu. Anakuona ukikasirika. Anakuambia, "Basi tulale, tutaendelea kesho." Mbele ya ile simu hakuna mtu.

Haihitaji pesa

Najua vile bei za vitu ziko. Lakini hakuna kitu nimetaja hapa ambacho lazima ununue dukani. Kata katoni, chora miraba 10 kwa mstari mmoja, andika 1 hadi 10, tafuta kifuniko na dadu. Kama dadu hakuna, andika 1 na 2 kwa vikaratasi mviokote. Mwambie mtoto ataje kila namba anayokanyaga. Dakika 15. Kwa bao, chimba mashimo chini nje ya ploti na uokote mawe madogo. Kwa drafti, muulize mtu wa duka la soda akuwekee vifuniko.

Simu sijaikataa, mimi mwenyewe ndiyo inanilisha. Ninachosema ni kwamba ludo ya kwa simu ukicheza na kompyuta peke yako imetolewa kile kitu kilichowafanya watu wachonge mwamba Hyrax Hill. Kama unaishi na mdogo wako, au una mtoto, au mzee wako ameanza kunyamaza sana siku hizi, wewe ndiwe unaweza kuwa huyo mtu wa upande wa pili. Leo usiku, hata kama ni mechi moja.

Na kabla uende, tumalize ubishi mmoja hapa chini kwa komenti, na mtaje mnatoka mtaa gani: kwenu mtu akiwekewa tatu, anaweza kuijibu na mbili, au lazima aokote?